Kampeni Yangu ya Kuku Kila Ijumaa

Jumatatu, 1 Juni

Madaraka Dei. Hakuna shule. Nimeamua kugombea urais wa wanafunzi.

Uamuzi ulinijia nikikamua ng'ombe. Baba alikuwa mlangoni na redio yake, anasikiliza hotuba. Akasema madaraka ni mzigo. Sikubishana naye, lakini mimi nimewahi kumwona mkubwa mmoja akija kufungua darasa jipya. Mtu wa kwanza alimshikia mwavuli. Wa pili alimshikia simu. Wa tatu alimshikia hotuba. Yeye alishika makasi tu. Mzigo uko wapi hapo?

Rais wa wanafunzi shuleni kwetu huvaa tai nyekundu. Hafagii darasa. Wakati wa chakula hupita mbele ya foleni. Akiitwa kwenye mkutano wa walimu, hupewa soda. Nani asingependa kuwatumikia watu namna hiyo?

Nilimweleza Mama. Akasema rais pia anakamuanga, nimalize kwanza chuchu za nyuma.

Jumanne, 2 Juni

Madam Rachael, anayetufundisha Historia na Serikali, ndiye msimamizi wa uchaguzi. Alitusomea sheria gwarideni. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya madarasa. Alisema hata rais wa nchi huchaguliwa kwa njia kama hiyo, asije akawa rais wa kijiji kimoja. Mpango mzuri, lakini masharti ni mengi mno kwa tai moja.

Mpaka sasa tumejiandikisha wawili. Mimi, Griffin Osundwa, Kidato cha Tatu Magharibi. Na Teresa, Kidato cha Tatu Mashariki.

Teresa ana ajenda moja tu: bomba. Bomba la shule limekauka tangu muhula uanze. Tunabeba maji ya kunywa kutoka nyumbani kwa chupa, na anayesahau chupa anavumilia. Wiki jana Chepkemoi wa Gredi ya Kumi alizirai uwanjani kwa kiu. Teresa ndiye aliyembeba.

Nimelichunguza suala la bomba kisiasa. Ni dogo. Mtu akipata maji anakunywa, kisha anasahau nani kamletea. Ahadi nzuri ni ile ambayo watu wataendelea kuingoja. Ajenda yangu ni ingokho kila Ijumaa. Kuku. Shule nzima, pamoja na walinzi.

Jumatano, 3 Juni

Habari mbaya. Dada yangu Ashley yuko Gredi ya Kumi, na ndiye mjumbe wangu wa siri huko. Ameripoti kwamba gredi yote ni ya Teresa. Nikamuuliza na yeye je. Akasema kura ni siri. Jibu la ajabu kutoka kwa mtu wa nyumba moja.

Lakini nimepata dawa. Ninahitaji mgombea wa tatu, mtu wa kupendwa, aingie shamba la Teresa na kumega kura zake. Mtu huyo ni Osiako, ninayekaa naye dawati moja. Ni mkubwa wa mwili, mpole, hajawahi kugombana na mtu. Hata kifutio akikuazima hakuulizi tena.

Nilimshawishi mchana wote. Nikamwahidi Wizara ya Chakula. Akauliza kama mtu anaruhusiwa kugombea bila kutaka kushinda. Nikamwambia mambo hayo ni ya kawaida kabisa, huo ndio ukomavu wa demokrasia. Akafikiri sana, kisha akasema:

"Sawa. Lakini nikiulizwa swali nitajibu ukweli."

Nikasema hakuna shida. Nani angemuuliza Osiako swali?

Alhamisi, 4 Juni

Siku ya kampeni. Naandika kwa uchungu.

Teresa alitangulia. Alizungumza kidogo tu. Alisema amefuatilia bomba. Mtunza bustani alimtuma kwa mwenye stoo. Mwenye stoo akamtuma kwa karani. Karani akamtuma kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema alisharuhusu litengenezwe na alidhani mtunza bustani ameshamwita fundi. "Kwa hiyo nitauzunguka mduara huo tena," alisema, "mpaka mtu achoke kuniona." Watu walipiga makofi ya adabu.

Nikasimama mimi. Nilipotaja ingokho, uwanja uliwaka. Kidato cha Nne walisimama juu ya viti. Nikaongeza supu. Nikaongeza kwamba firigisi zitagawanywa kwa haki bila kujali kabila wala darasa. Nilijisikia kama niko kwenye helikopta.

Ndipo Chepkemoi akainua mkono. Akauliza nani atalipia kuku hao. Nikajibu: serikali. Akauliza serikali gani, maana rais wa wanafunzi hana bajeti. Nikamtazama Madam Rachael aniokoe. Naye akaeleza kwa furaha kwamba hata rais wa nchi hawezi kutumia pesa bila idhini ya Bunge, na hapa kwetu bodi ya shule ndiyo hupitisha mambo ya jikoni. Nikasema basi nitabadilisha katiba. Madam akauliza kwa kura ngapi. Nikasema nyingi.

Akaitwa Osiako. Alishika karatasi ya hotuba niliyomwandikia, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha Chepkemoi yule yule akamuuliza kwa nini anagombea.

"Griffin aliniomba," alisema Osiako, "ili Teresa apoteze kura."

Kikalipuka kicheko ambacho nina hakika kilisikika mpaka Butere. Madam Rachael alifunika uso kwa kitabu. Mtu akapaza sauti kumuuliza Osiako yeye mwenyewe atampigia nani kura. Akajibu kwamba bado hajaamua, ila hotuba ya bomba ilimgusa.

Walimbeba mabegani. Osiako! Ilihitaji watu kadhaa.

Ijumaa, 5 Juni

Kura. Tulipiga kwa madarasa, kwenye katoni za sabuni zilizokatwa tundu juu, na tukatiwa alama ya kalamu nene kidoleni. Kila mgombea alikuwa na wakala. Wangu alikuwa Ashley. Alikagua kura kwa ukali mpaka nikamwomba apunguze, kwa sababu nyingi alizozikataa zilikuwa zangu.

Matokeo: Teresa wa kwanza, lakini hakufika nusu. Osiako wa pili. Kura zilizoharibika za tatu. Mimi wa nne.

Robo nimeipata katika darasa moja tu, langu mwenyewe, na hata huko kwa shida.

Lakini subiri. Kura zilizoharibika nimeziona kwa macho yangu. Watu hawakutia alama kwenye jina lolote. Waliandika INGOKHO kwa herufi kubwa. Mmoja alichora kuku, na mchoro ni mzuri, una mpaka kishungi. Hizo kura ni za nani kama si zangu? Nikamwambia Madam Rachael azihesabu upya. Akasema aliyesimamia uchaguzi hawezi tena kuwa hakimu wa malalamiko. Ndiyo maana serikali ina mihimili: mmoja utunge sheria, mwingine utekeleze, mwingine uamue. Nikamuuliza mhimili wa kunisaidia mimi ni upi. Akanielekeza kwa Bwana Mathew, naibu wa mwalimu mkuu. Marudio, Teresa dhidi ya Osiako, ni Jumanne.

Nakwenda mahakamani.

Jumapili, 7 Juni

Wikendi yote nimeandaa kesi. Baba alisoma hoja zangu akiwa ameshika kisu cha miwa, akacheka hadi akaketi. Akaniuliza swali moja: kati ya wote watatu, nani angelileta maji? Nikamwambia hilo silo suala lililo mbele ya mahakama.

Jumatatu, 8 Juni

Mahakama iliketi chumba cha walimu wakati wa mapumziko. Bwana Mathew katikati, mwalimu mmoja kila upande. Nilizungumza kwa ufasaha. Nilisema nia ya mpiga kura iheshimiwe kuliko wino. Nilisema aliyeandika ingokho alimaanisha mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaja ndege huyo.

Bwana Mathew aliinua ile kura yenye mchoro, akaitazama sana.

"Osundwa, mgombea ni wewe au ni kuku?"

Nikasema kisiasa sisi ni kitu kimoja.

Wakanong'onezana. Uamuzi ukatolewa kwa kauli moja: kuku hakuwasilisha jina lake kwa msimamizi wa uchaguzi. Kesi imetupwa. Gharama za kesi: nifagie chumba cha walimu.

Nilifagia huku nikifikiri. Mwanasiasa hafi, hubadilisha muungano tu. Teresa amekosa nusu kwa kidogo, na mimi bado nina watu wangu. Nikamtafuta nimpendekezee serikali ya mseto.

Nilimkuta nyuma ya jikoni, kwenye bomba. Na Osiako. Wapinzani wa kesho, wameinama pamoja juu ya shimo moja, na fundi katikati yao. Teresa alikuwa ameuzunguka ule mduara wake asubuhi yote mpaka karani akachoka kumwona, akamwita fundi mwenyewe. Kipande cha bomba chini ya ardhi kilikuwa kimepasuka. Basi. Muhula mzima, kipande chenye urefu wa mkono wangu, na kila mtu akiwa na hakika kwamba ni kazi ya mwenzake.

Nikamwambia Teresa kwamba niko tayari kumpa kura zangu.

"Zako au za kuku?" akauliza.

Hakuniudhi kusudi, nadhani. Alikuwa na tope hadi kwenye viwiko. Akasema kura hazitaki, anataka mtu wa kushika bomba upande ule fundi akaze. Nikashika, kwa matumaini ya wizara. Maji yalipokuja yalinipiga kifuani, usoni, na mdomoni. Wizara haikutajwa.

Watoto wa Gredi ya Kumi walikuja mbio. Chepkemoi alikunywa kwa viganja, akanawa uso, akanywa tena. Hakumshukuru mtu, alikuwa na shughuli. Teresa alimtazama na kukaa chini kwenye tope kana kwamba ni kochi. Nami nilihisi kitu hapa kifuani. Huenda ni yale maji, yalikuwa baridi.

Jumanne, 9 Juni

Marudio. Osiako alitangaza gwarideni kwamba ameshaamua: atampigia Teresa. Madam Rachael akasema jina lake litabaki kwenye karatasi vilevile. Hata hivyo alipata kura nyingi. Watu wengine wanapendwa bila sababu.

Teresa ameshinda, nusu na zaidi, robo karibu kila mahali.

Karatasi ya kura haikuwa na jina langu. Nikaliandika.

Akaapishwa mchana. Agizo lake la kwanza: rais atapanga foleni ya chakula kama kila mtu, na atafagia darasa zamu yake ikifika. Walishangilia. Mimi sikushangilia. Ameubomoa urais kabla sijaupata.

Agizo la pili: Osiako kuwa naibu wake. La tatu lilinihusu. Aliniomba niwe kwenye kamati ya maji, kazi yangu kuhakikisha bomba limefungwa kila baada ya mapumziko. Nikauliza kama kazi hiyo ina tai. Haina. Nimesema nitashauriana na wafuasi wangu.

Jumatano, 10 Juni

Sijazungumza na Osiako tangu Alhamisi. Ni kazi ngumu kwa watu wa dawati moja. Leo alivunja mua kwenye goti, akaniwekea nusu kubwa upande wangu. Nikavumilia kipindi kizima cha Hisabati. Kisha nikamuuliza kwa nini aliniaibisha mbele ya shule nzima.

"Nilikwambia nikiulizwa nitajibu ukweli," alisema. "Ukasema hakuna shida."

Alisema bila kisasi, kama mtu anayekukumbusha mahali ulipoacha kofia. Kisha akaniomba nikubali ile kamati, kwa sababu yeye na Teresa hawajui kukemea watu na mimi najua.

Nilikula ule mua. Ulikuwa mtamu, na hilo liliniudhi zaidi. Jioni nikapita nyuma ya jikoni. Mtu alikuwa ameliacha bomba likitiririka. Nikalifunga. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo sihesabu kama kazi.

Jumapili, 14 Juni

Madam Rachael ametupa insha ya kuandika: Nilichojifunza kuhusu serikali. Nimejaza kurasa mbili. Nimeandika kwamba uongozi ni utumishi, kwamba kiongozi asiahidi asichoweza, na kwamba mamlaka yagawanywe ili yeyote asijifanye mfalme. Itapata alama nzuri. Mama aliisoma, akaniangalia kwa mshangao, akaniongezea obusuma, ugali wa kwetu.

Sasa mambo ya maana. Leo kanisani wametangaza uchaguzi wa mwenyekiti wa vijana. Mwenyekiti husafiri hadi Kisumu kwa kongamano, na hulala hotelini. Nimekaa na kulipima kosa langu la shuleni kwa makini, nikaliona. Kosa halikuwa mpango. Mpango ulikuwa safi. Kosa lilikuwa kumchagua mtu mkweli. Safari hii ninahitaji mgombea wa tatu mwenye akili, mwepesi wa maneno, na wa damu yangu mwenyewe.

Nimemwomba Ashley. Nilidhani ningembembeleza wiki nzima. Amekubali papo hapo, hata hakuuliza atapewa nini. Ameshakwenda kwa majirani kuwaeleza kwamba anagombea na kuwaomba kura.

Huyu sasa nimempata.