Kasha Jeusi na Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ametangaza cheo. Mkuu wa Hifadhi! Chumba chenye mlango, na mlango wenye kitasa. Miaka sita nimekaa kando ya mashine ya kuchapa, na kila anayekuja kuchapa ananipumulia shingoni. Sasa basi.

Sharti ni moja. Sisi kazi yetu ni kutunza kompyuta za ofisi ambazo hazitaki kujua habari za kompyuta, na mteja mpya ni kituo cha eksirei. Picha za miaka kumi na moja, terabaiti arobaini, zote kwenye seva moja inayokaa stoo pamoja na mifagio. Atakayezinakili na kuziweka salama kwenye ghala la mtandaoni ndiye mkuu. Tunagombea wawili, mimi na Mama Umejaribu. Hilo jina nimempa mimi. Ukimwambia nakala imekamilika, anauliza, umejaribu kuirejesha? Mumewe namwonea huruma.

Nimepiga hesabu ya kuzipandisha kwa laini ya intaneti ya kituo. Siku mia moja na sita! Mama Umejaribu yeye alishaagiza kasha tangu wiki iliyopita, kabla hata ya cheo kutangazwa. Watu wa ghala wanaleta kasha jeusi lililojaa diski, unalichomeka kwenye seva, linanyonya picha siku nne, kisha mtu wa vifurushi analirudisha kwao kwa pikipiki. Limefika leo. Yaani data za mtandaoni zinapanda pikipiki! Nimecheka mpaka mhasibu amefunga mlango wake.

Jumatano, 6 Machi

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki.

Bosi hasomi ripoti. Anaangalia rangi. Ikiwa nyekundu anapiga kelele, ikiwa kijani anakwenda zake kula. Basi nimeiambia programu iruke kila faili linalozidi megabaiti moja, yaani karibu picha zote za eksirei. Mengine yatapanda baadaye, polepole, nikishakaa chumbani mwangu. Nimebonyeza, nimekwenda msalani, nimerudi. Kijani tupu!

Dakika tisa. Mama Umejaribu bado analikodolea macho kasha lake.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi amenisifu kikaoni mbele ya watu wote. Amesema huyu ndiye mtu wa kuigwa. Nimeangalia chini kwa unyenyekevu, jambo ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Mama Umejaribu akauliza, umejaribu kuirejesha? Nikamjibu kwamba wivu haujengi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mchana matatizo. Kasha lake limejaa, amelifunga kwa namba ya siri, ameliacha mapokezi ya ofisi yetu limsubiri mtu wa vifurushi. Likifika ghalani, watahesabu. Yeye terabaiti arobaini, mimi kiasi kinachoingia kwenye simu ya mtoto.

Sikuiba. Niandike hapa waziwazi, sikuiba. Nilimwambia dada wa mapokezi nitalipeleka mwenyewe, nikalipeleka nyumbani. Litakaa mpaka cheo kitangazwe. Ni kucheleweshwa tu.

Jumatatu, 11 Machi

Jambo la ajabu. Mama mkwe ananipenda!

Yuko kwetu tangu mwezi uliopita na goti lake bovu, atapasuliwa Alhamisi. Jana alilikuta kasha nyuma ya kochi, akapandisha mguu juu yake, akashusha pumzi. Akasema hajawahi kupata kigoda cha kimo sawasawa namna hii. Akaniuliza nimelitoa wapi. Nikasema, zawadi yako mama. Ulimi uliteleza wenyewe.

Tangu siku ya harusi ananiita huyo. Leo asubuhi ameniita mwanangu. Kasha amelifunika kitambaa cha kufuma chenye maua. Mke wangu ananitazama kwa jicho la pembeni.

Jumanne, 12 Machi

Maji yamenifika shingoni, na si maneno tu. Kiyoyozi cha stoo kule kituoni kimevuja wikendi nzima juu ya seva. Imekufa. Diski zote!

Bosi hana wasiwasi. Amemwambia daktari mkuu wa kituo kwamba kila kitu kiko salama, kijana wangu anarejesha sasa hivi. Ofisi nzima ikanizunguka. Nikabonyeza.

Vilivyorudi: zamu za kufagia choo. Mipangilio ya mashine ya kuchapa. Folda tupu za miaka kumi na moja. Na picha moja, keki ya siku ya kuzaliwa ya karani wa kituo, ina waridi la bluu. Bosi aliiangalia ile keki muda mrefu sana. Nikasema faili kubwa huchelewa njiani.

Kisha simu ya mke wangu. Daktari wa hospitali ameahirisha upasuaji wa mama. Anataka picha ya goti ya mwaka jana, aliyopigwa kituo hichohicho, ailinganishe, bila hiyo hapasui, na picha imepotea na seva. Mama analia. Anasema akimjua aliyeipoteza atamtia bakora ya kutembelea.

Nimekula wali bila kuutafuna.

Jumatano, 13 Machi

Mama Umejaribu amewapigia watu wa ghala. Hawajaona kasha. Amekwenda mapokezi. Nilipomwona dada wa mapokezi akinyoosha kidole upande wangu, nilikuwa tayari ngazini.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe kwenye kochi, mguu juu ya kasha. Nikaliomba. Akasema zawadi hairudishwi. Nikasema ni la ofisi. Akasema basi nilimdanganya. Nikaomba kwa upole, nikaomba kwa magoti, yangu mawili mazima. Wapi! Mwishowe nikasema yote. Mama, goti lako limo humo ndani. Picha yako unaikanyaga.

Alilitazama kasha. Akanitazama mimi. Akauondoa mguu taratibu. Kwa bakora nilipigwa mara mbili, ya pili ilikuwa na nguvu zaidi.

Akakataa nilibebe mwenyewe. Tumepanda teksi, kasha mapajani mwake, na kitambaa chake cha maua juu. Pale mapokezi ya ofisi alimsalimia bosi kwa adabu, akamsimulia kila kitu, hata kile kigoda.

Mama Umejaribu akalipokea kasha, akalipeleka kwenye kompyuta yake. Akachomeka, akaandika namba ya siri, akaita picha moja kwanza, ya kujaribu. Goti la mama mkwe likajaa kwenye kioo, jeupe, kila mfupa mahali pake. Mama akashika mdomo. Niliona aibu. Aibu ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke. Ilidumu kama dakika kumi.

Ijumaa, 15 Machi

Mama amepasuliwa jana kama ilivyopangwa. Hajambo. Ameniita huyo.

Mkuu wa Hifadhi ni Mama Umejaribu. Ana kitasa. Mimi sikufukuzwa, kwa sababu mama mkwe alimwomba bosi anivumilie, akisema nikikaa nyumbani kutwa atanivumilia nani. Adhabu yangu: kila Ijumaa nichague faili moja la kituo, nilirejeshe, niandike ripoti.

Leo nimeanza. Nimechagua keki. Sekunde mbili, waridi lote la bluu. Kijani! Bosi amepita, ameona rangi, amekwenda kula. Ijumaa ijayo nitachagua keki. Wanaanza kuniamini tena, nalihisi hilo.

Limebaki jambo moja dogo. Mama anatoka hospitali Jumatatu, na daktari anataka mguu uinuliwe wiki sita. Nimemnunulia kigoda, amesema kifupi. Cha pili, kirefu. Na hiyo Jumatatu, wateja wetu wengine, wapima ardhi, wanaletewa kasha la kunakili ramani zao, jeusi, aina ileile.

Wiki sita tu. Kitambaa nimeshakifua.