Muhuri wa Utani

Uliangalia pembeni. Usinikatalie, nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ya salfa ya kupulizia mikorosho mwaka tisini na sita, nikakuona. Mama mjamzito alipita mbele yetu, ndoo moja kichwani, nyingine mkononi, anakwenda kujifungua zahanati na maji yake mwenyewe. Wewe ukaanza kusoma maandishi ya mfuko wa salfa. Yalikuwa ya Kijerumani. Uliyasoma mpaka mama alipokata kona.

Kwa hiyo nakutangazia wewe kwanza, kwa heshima zote, jambo ambalo jimbo letu linajivunia. Tangu uchaguzi wa tisini na tano hadi mwaka huu wa tisini na tisa, kuanzia mikorosho ya Chiwata mpaka huku juu kwetu Chihanjele, halijapokelewa lalamiko hata moja. Sifuri. Imeandikwa kwa wino na kupigiwa mistari miwili chini.

Mafanikio haya ni ya Mheshimiwa Cecil, Mbunge wetu. Zamani alikuwa mtunza ghala la korosho la ushirika. Ghala lilipobinafsishwa, yeye ndiye aliyebaki na ufunguo, akaitwa mwekezaji. Vyama vingi vilipokuja alijiunga na vitatu, akatulia kwenye kile kilichokuwa na gari.

Wiki yake ya kwanza ya ubunge alipokea barua mia nne. Mtu wa kawaida angezijibu, au angezichoma. Mheshimiwa alifikiri. Yeye ni Mmakua wa Lulindi, na wapiga kura wake wengi ni Wayao na Wamakonde, yaani watani zake. Mtani ana haki ya kukutukana msibani kwako, kukuvua kofia harusini, kubeba kuku wako mchana kweupe, na wewe kazi yako ni kucheka. Ukinuna, aibu ni yako. Basi barua inayosema "wewe mwongo, maji yako wapi" si lalamiko. Ni mila. Na mila haijibiwi, inaenziwa.

Ikaundwa Kamati ya Utambuzi na Uendelezaji wa Utani Jimboni. Mwenyekiti, Mheshimiwa. Makamu, shemeji yake. Karani, Mwalimu Nikolao, mstaafu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote wilayani. Ukachongwa muhuri wenye neno moja, UTANI, na wino wa zambarau.

Kazi ikaanza. Wakulima walioandika kwamba wanunuzi wa soko huria wanapima korosho kwa beseni lililotanuliwa: muhuri. Wafanyakazi wa kiwanda kilichouzwa kikafungwa waliandamana mpaka Masasi na mabango. Mheshimiwa alitoka barazani akawapigia makofi. "Mnaona watani zangu wanavyonipenda?" Taarifa rasmi iliwaandika kama kikundi cha ngoma.

Sasa Yuliana, Mama Winfrida. Ni Myao wa Chiwata aliyeolewa huku juu. Septemba hii binti yake Winfrida alikuwa amebakiza wiki mbili kujifungua mtoto wa kwanza. Zahanati ya Chihanjele haina maji, ina tangazo: kila mzazi aje na ndoo mbili zilizojaa, kwa mujibu wa sera ya kuchangia huduma. Asiye na ndoo asifunguliwe. Nesi Dorika alijaribu kulibandua tangazo hilo mara mbili. Gundi yake ndiyo kitu pekee cha serikali kilichowahi kushika Chihanjele.

Kisima cha maji ya mvua nyumbani kwa Yuliana kilikuwa kimebaki matope. Chemchemi iko bondeni, kwenda na kurudi nusu siku, na goti lake limekataa mteremko. Aliandika barua tatu. Ya nne aliipeleka mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Winfrida. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Hajambo kwa wiki mbili tu. Barua zangu zilifika?"

"Zilifika, tena zilipokelewa vizuri. Kamati ilicheka."

"Ilicheka wapi? Pale niliposema mjukuu wangu atazaliwa pakavu?"

"Hapohapo. Mwenyekiti aliomba irudiwe."

Yuliana akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Mwalimu, Winfrida ulimfundisha wewe kusoma. Niambie basi. Huu ni utani?"

Nikolao akautazama muhuri, si yule mama. "Kifungu cha pili cha kanuni za Kamati kinasema kila kitokacho kwako kwenda kwa Mheshimiwa ni utani."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Neno au tendo."

"Niandikie."

Akaandika, kwa mwandiko ule mzuri. Akagonga muhuri.

Wiki mbili baadaye ikaja Sikukuu ya Sifuri, ya kusherehekea jimbo lisilolalamika. Mgeni rasmi alitoka Dar es Salaam, na ilinong'onwa kwamba akiridhika, Mheshimiwa atakuwa naibu waziri. Tatizo lilikuwa vumbi. Vumbi la Chihanjele ni jekundu na viatu vya mgeni vilikuwa vyeusi. Ofisi ya Mbunge ikaleta boza la maji, lita elfu nane, kumwagilia uwanja. Likazunguka mara mbili. Tope jepesi, zuri, likatanda mbele ya jukwaa. Maji yaliyobaki, karibu boza zima, yalihifadhiwa kwa vumbi la alasiri.

Saa tatu asubuhi hiyohiyo Winfrida alishikwa na uchungu. Mama yake alimkokota kupita kando ya uwanja mpaka zahanati, na nusu ndoo. Dorika akamlaza kwenye benchi la nje, chini ya tangazo.

Yuliana akarudi uwanjani. Hakukimbia, goti halikumruhusu. Alipanda ngazi ya boza, akakaa karibu na dereva, akasema, "Zahanati."

Dereva akamtazama Mheshimiwa. Sisi sote tukamtazama Mheshimiwa.

"Mama Winfrida, shuka," alisema, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni.

"Mtani, nimelichukua."

"Leo si siku yake."

"Shangazi yako alipofariki nilibeba mbuzi wa matanga, ukacheka mbele ya watu. Hili nalo ni mbuzi, ila lina matairi."

Mgeni rasmi akainama. "Mheshimiwa, huyu mama analalamika?"

Nakuomba uielewe hali ya kiongozi. Akisema ndiyo, sifuri inakuwa moja. Na moja ikiingia, zile barua elfu mbili za zambarau zote zitataka kufunguliwa upya. Yuliana akaitoa karatasi dirishani. Mwalimu Nikolao, bila kutumwa na mtu, akaipokea akaisoma kwa sauti ya darasani: kila kitokacho kwake, neno au tendo.

"Hapana, mgeni rasmi," alisema Mheshimiwa. "Ni mtani wangu." Akacheka.

Boza likaondoka.

Ndipo jimbo zima lilipokumbuka undugu. Wale wa kiwandani wakaja wakachukua viti. Wenye korosho wakabeba sufuria la pilau, wawili huku na wawili huku. Mzee aliyeandika barua tangu tisini na sita alimvua Mheshimiwa koti, akamshukuru, akamwomba na tai. Gari lake lilisukumwa na akina mama kuelekea zahanati, likawe la kubebea wazazi. Kila mara mgeni aliuliza, "Na hili?" na kila mara Mheshimiwa alicheka. Mpaka saa nane alikuwa amesimama kwenye tope lake kwa soksi, anacheka, machozi yanamtiririka. Mgeni aliguswa sana. Aliandika kwamba huyu asipotezwe kwenye unaibu waziri, afanywe mlezi wa vikundi vya ngoma vya mkoa, kazi ya kujitolea.

Winfrida alijifungua mtoto wa kike saa kumi na robo alasiri. Mtoto aliogeshwa mara mbili, ya pili kwa anasa tu.

Jumatatu ofisi ya Kamati ilipokea barua. Mbunge analalamika kwamba ameporwa boza, gari, koti na viatu. Ni lalamiko la kwanza katika historia ya jimbo. Mwalimu Nikolao alilisoma mpaka mwisho, akacheka kwa niaba ya Kamati, akagonga muhuri.

Lakini Mheshimiwa ana rafiki polisi ambaye haheshimu vifungu. Leo saa nane askari wanapanda kutoka Masasi kulichukua boza, na maji yaliyomo yamwagwe barabarani, kwa sababu hayakuombewa kibali. Dorika ana majina ya akina mama saba watakaojifungua kabla ya mvua. Saba. Nimeyasoma yote, na mawili ni ya ukoo wako.

Weka karatasi hii chini. Acha hicho unachokifanya. Boza liko zahanati, lina matairi sita, na la mbele kushoto limekaliwa na Mama Winfrida, mgongo kwenye mpira, tangu alfajiri. Matano hayana mtu. Njoo sasa, chagua moja, ukalikalie.