Cherehani Yangu Imenipita Masomo Matatu

Kwa Ndugu Wasimamizi wa Programu ya Gitaa iliyomo ndani ya simu yangu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, nyinyi na masikio yenu. Mimi ni fundi cherehani kwa miaka thelathini na mmoja sasa, na mwanafunzi wenu wa Somo la Nne tangu mwezi wa pili. Mke wangu ni mkunga na anastaafu Ijumaa ijayo. Mbele ya wakunga wenzake wote niliropoka kwamba siku ya kumuaga nitampigia gitaa, wimbo mzima. Wameshaniweka kwenye ratiba, baada ya hotuba ya daktari mkuu. Zimebaki siku nane, na wanaonikwamisha ni nyinyi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila nikimaliza zoezi, simu hunambia, "Umejitahidi, rafiki! Hebu tujaribu tena." Mimi nina wajukuu. Na huko kujaribu, tunajaribu na nani? Malengelenge yako kwenye vidole vyangu peke yangu.

2. Mnataka nibane nyuzi tatu kwa mpigo. Vidole hivi vimezoea sindano, vinajikunja vinavyotaka vyenyewe. Mteja akija na kitambi chake, mimi hulegeza suruali. Simwambii akapunguze kitambi arudi kesho. Nyinyi ni mafundi gani msioweza kulegeza somo?

3. Jumanne nilikuwa nampima kiuno mwalimu mkuu, mama wa heshima zake. Futi ikiwa bado imemzunguka, simu ikapiga kelele mfukoni mwangu: "Vidole vyako vimelala! Viamshe sasa!" Mama akanitazama, akaitazama futi, akasema atapita siku nyingine. Mpaka leo sijamwona, na kitambaa chake kiko hapa hapa.

4. Hili ndilo lililonikata maini. Kila siku saa sita mchana hutoka kununua vifungo na uzi. Simu naiacha dukani kwenye chaji, gitaa limeegemea ukuta. Hubaki cherehani, pasi, na mke wangu, ambaye siku hizi yuko zamu ya usiku, anayenishikia duka huku akisoma gazeti. Jumatatu narudi, nakuta nyota: Somo la Nne limekamilika, lile lile lililonishinda! Kesho yake la Tano. Jana la Sita, na juu yake maandishi, "Mkono wako ni mwepesi ajabu!" Nimefanya uchunguzi. Pasi haina mdundo. Mke wangu nilimuuliza, akafunua ukurasa akasema, "Mimi na magitaa wapi na wapi, baba watoto?" Basi inabaki cherehani, ambayo nadhani mke wangu huikanyaga kidogo akirekebisha sare zake, na simu husikia mdundo wake. Mmeipa nyota mashine, mkaninyima mimi mwenye mashine.

Kwa hiyo naomba nyota hizo zihamishiwe kwangu, kwa kuwa cherehani ni mali yangu na mafuta yake nanunua mimi. Mkishindwa, irudisheni Somo la Kwanza, tuanze sawa. Hilo nalo likiwashinda, mlete afisa wenu Ijumaa ajieleze mbele ya wakunga. Namwonya mapema kwamba wale hawatishwi na kilio cha mtu.

Nasema kweli, naumia. Mwanamke huyu amepokea watoto wa watu maisha yake yote, akirudi nyumbani ananikuta nimelala. Nilitaka siku moja tu yeye akae, mimi nifanye kazi.

Nisalimieni wote hapo ofisini, na yule dada anayesema ndani ya simu mwambieni apunguze furaha.

Ni mimi niliyechubuka vidole kwa ajili yenu,
Fundi Cherehani
(bado Somo la Nne)

Tanbihi: Nilitoka kununua bahasha ya barua hii, nikarudi mapema kuliko kawaida. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, gazeti liko sakafuni, gitaa mapajani, anaupiga wimbo wangu wote bila kukosea. Nilisimama mlangoni mpaka mwisho. Aliponiona akasema, "Nilijua utakwama, baba watoto. Sikutaka uaibike mbele za watu." Tafadhali futeni namba moja hadi nne, na nyota mwachieni mwenyewe. Ijumaa atapiga yeye. Nina swali moja tu: mna programu ya kufundisha kupiga makofi? Siku nane zinanitosha.