Mwongozo wa Kugawana Mali ya Joka

Ni marufuku kwa mkazi yeyote wa kata hii aliyeua joka kugusa mali ya joka hilo kabla mgeni rasmi hajafika. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Mwongozo wa Kugawana Mali ya Joka, ambao mimi, Bushiri, Ofisa Itifaki wa Kata, niliuandika kwa mkono wangu na kwa posho ya kamati nzima.

Wapo walioucheka. Walisema majoka yenyewe ni ya kwenye kompyuta. Ofisi ilikuwa inalijua hilo. Mchezo ulichezwa katika kafe ya intaneti ya Kanubhai, mtaa wa nyuma ya soko hapa Kariakoo, na vijana walishinda humo wakiunda vikosi, wakivamia mapango na kugawana kilichopatikana. Mali ikigawanywa ndani ya kata bila ofisi kujua, suala la kama mali hiyo ipo au haipo ni la kitaalamu, na wataalamu tulikuwa bado hatujawapata.

Nilikwenda kufanya utafiti. Kanubhai alinipa chai, akaniuliza kama nimekuja kukagua leseni. Nilipomwambia hapana, akaongeza sukari. Kisha akamwita Badria, binti wa duka la khanga la jirani, ambaye ndani ya mchezo alikuwa mganga wa kikosi, na Harsh, mpwa wake mwenyewe, aliyekuwa mpiganaji. Wakanieleza utaratibu wao, nami nikauandika kwa masikitiko. Kila kada ina chake: panga na ngao kwa wapiganaji, pinde kwa wapiga mishale, fimbo kwa waganga. Wawili wakihitaji kitu kimoja wanarusha dadu. Asiyeweza kukitumia hanyooshi mkono, hata king'ae vipi. Na ambaye hakuwepo vitani hapati.

Nikauliza kiongozi anachukua wakati gani.

"Kiongozi naye anachukua kinachomfaa, mzee," alisema Badria. "Ukibeba upanga na wewe ni mganga, utaukatia vitunguu?"

Mfumo huo ulikuwa umedumu bila semina hata moja. Nilirudi ofisini na huzuni ya kweli.

Diwani wetu, Mheshimiwa Mrisho, alilichukua jambo hili kwa uzito unaostahili. Zilikuwa zama za soko huria. Viwanda, mabenki, hata vyoo vya stendi vilikuwa vikitafutiwa wawekezaji, vizimba vya soko letu Mheshimiwa alikwisha vitia makufuli akiwasubiri, na aliona aibu kwamba mapango ya Kanubhai yamesahaulika. Mwekezaji, kwa tafsiri ya ofisi yetu, ni mtu anayeleta imani, na Mheshimiwa alikuwa na imani tele. Akafunguliwa mhusika wake ndani ya mchezo, wa daraja la chini kabisa, mwenye kaptura na rungu, nasi tukamteua kuwa Mgeni Rasmi wa Kudumu. Kanubhai alikumbushwa kwamba leseni hukaguliwa wakati wowote, akaunga mkono.

Basi kikosi kikawa kinapigana, na Mheshimiwa anafika mwisho, kama itifaki inavyotaka, anapokea. Alipokea upanga uliomfaa Harsh. Alipokea pinde, ngao, mataji na buti za chuma zilizozidi moja kwa kila mguu. Hakuweza kutumia hata kimoja, maana mchezo ulidai daraja la juu, lakini Mwongozo haukusema atumie. Ulisema ashike kwa niaba ya wananchi.

Tatizo lilikuja na fimbo. Badria alikuwa akiisaka fimbo hiyo tangu mwezi wa Ramadhani, anafuturu kwa tende mbili tatu na kurudi mbio kwenye kompyuta. Mganga mwenye fimbo ile huponya kikosi kizima kwa mpigo na kumfufua aliyeanguka. Bila hiyo, Joka Kuu, lile la mwisho na kali kuliko yote, lisingeuawa na mtu. Siku ilipopatikana, kafe nzima ilisimama, na Badria akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mgeni Rasmi akafika, akaipokea.

Kesho yake Badria alikuja ofisini. Alitoa shikamoo, tukaitikia marahaba.

"Mheshimiwa, ile fimbo kwako ni kuni tu," alisema. "Kwangu ndiyo uhai wa wenzangu. Nimeihangaikia. Naiomba."

Mheshimiwa alimweleza kwa upole kwamba ombi lake lipo kwenye mchakato, na mchakato haupendi kusukumwa. Badria akatoka bila kuaga. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu kutoaga ni kuvunja itifaki.

Uzinduzi wa Mwongozo tuliufanya katika ukumbi wa harusi ulio juu ya kafe. Meza kuu ilikuwa na kitambaa na maji ya chupa. Wananchi walialikwa kutoka sokoni kwa ahadi ya soda, na Kanubhai alipitisha waya dirishani ili kila kitu kionekane ukutani kwa projekta. Mheshimiwa aliahidi kuliongoza jeshi dhidi ya Joka Kuu yeye mwenyewe, mbele ya macho ya wapiga kura wake.

Joka lilitokea. Harsh alikuwa na kisu cha kuanzia mchezo, na Badria alikuwa na kijiti kinachoponya mikwaruzo. Mheshimiwa alikuwa na kila kitu. Kumbe mchezo ule unahesabu uzito wa mzigo, naye alikuwa akitembea kama bibi harusi.

"Tupa vitu ukimbie, Mheshimiwa," Harsh alimnong'oneza.

Mheshimiwa akajibu kwenye kipaza sauti kwamba kiongozi hakimbii mbele ya wananchi. Joka likamuunguza.

Kwa kanuni za mchezo, anayekufa huacha alichobeba. Ukumbi mzima uliangalia mali inavyomtoka: panga, pinde, ngao, mataji, buti. Ilichukua muda. Badria akaiokota fimbo, wengine wakachukua kila mmoja kinachomfaa, hakuna aliyegombana na mwenzake. Vita vikaanza upya. Aliyejeruhiwa aliponywa, aliyeanguka alifufuliwa, na Joka Kuu likalala chini huku wauza mchicha wakipiga vigelegele. Nami nilijikuta nimesimama, nikakaa haraka.

Mheshimiwa alikuwa bado amelala ukutani na kaptura yake, mkubwa kama nyumba. Akaagiza afufuliwe.

"Nitakufufua," alisema Badria. "Ila waambie watu kwanza, kitu ni cha nani?"

Mheshimiwa akanitazama. Nikapekua Mwongozo haraka, lakini kifo cha mgeni rasmi kamati haikukijadili.

"Ni cha anayekitumia," akasema Mheshimiwa, na kipaza sauti kilikuwa kizuri mno siku ile.

Hapo akasimama Bi Severa, muuza nyanya, soda yake mkononi.

"Umesema kweli, baba. Sasa vile vizimba vya sokoni ulivyotia makufuli, sisi nyanya tunazipanga chini kwenye matope. Wewe mle ndani unauza nini?"

Mheshimiwa akamwomba Badria amfufue kwanza, mengine yatajadiliwa kwenye vikao husika. Badria akaondoa mikono kwenye kompyuta, akaikunja kifuani, akasema yeye hana haraka, anasubiri jibu pamoja na wenzake. Bi Severa akamaliza soda, akateremka ngazi kuelekea sokoni, na ukumbi mzima ukamfuata. Fundi makufuli aliitwa njiani. Tulibaki Mheshimiwa, mimi na maji ya chupa.

Kumbukumbu za kikao niliziandika siku ileile, kama kazi inavyodai. Zinasema kwamba swali la Bi Severa lilipokelewa, na kwamba Mheshimiwa Diwani hakuweza kulijibu kwa kuwa wakati huo alikuwa marehemu.