Tambi za Harusi ya Fransiska na Njaa ya Waitaliano

Izia, Sumbawanga

Ndugu Mwenyekiti Abel, pamoja nanyi wajumbe wote wa Kamati ya Harusi ya binti yetu Fransiska,

Naomba barua hii isomwe kikaoni Jumapili, polepole, na mtu ambaye hajaanza kula. Naiandika kama mjumbe, Abel, si kama kaka yako, ingawa ukiipuuza nitakujia kama kaka.

Katika kikao kilichopita, nikiwa shambani Mwazye, mliondoa ugali wa ulezi kwenye karamu, mkaweka tambi za Italia, matufaha ya Afrika Kusini na samaki wa kopo kutoka dukani kwa Bwana Ridhiwani. Mnajua kwamba ulezi wa harusi za ukoo huu hutoka ghalani kwangu, kama ulivyotoka kwa baba. Bibi harusi mwenyewe ameniambia, "Baba mkubwa, nisipoonja ulezi siku ile, bibi atasema sikuolewa, nilitoroshwa." Hata hivyo, silalamiki kwa ajili ya Fransiska, wala ya mama yetu. Nalalamika kwa ajili ya Waitaliano.

Binti yangu Lydia, anayesoma Ubelgiji, alinisimulia kwa simu: "Baba, huku mtu anasimama dukani nusu saa na pakiti ya maharage mkononi, anawaza kama ninyi mmebaki na ya kula." Niliguswa. Je, sisi wa Sumbawanga tumewahi kumuwazia mkulima wa Italia hata dakika moja?

Kwanza, tambi. Mmeagiza katoni ishirini. Ngano hiyo ilitoka kwa mtu mwenye watoto, na hakuna mjumbe aliyeuliza watoto hao wanalalia nini.

Pili, matufaha. Kila moja lina kibandiko. Nilipomuuliza Bwana Ridhiwani, alinijibu, "Mwalimu, hiyo nembo tu, bandua ule." Mimi naona ni anwani. Mtu ametuma zao lake ugenini akitumaini tutamwandikia kuwa limefika salama. Nasi tunambandika mtoto usoni, tunacheka.

Tatu, na hapa naomba utulivu, samaki wa kopo. Nimefungua makopo manne kwa uchunguzi na sikukuta kichwa hata kimoja. Vichwa vimebaki kwao. Maana yake ni kwamba kuna familia pwani ya mbali inayochemsha vichwa vitupu ili shangazi zetu wale minofu, ilhali Ziwa Rukwa liko hapo bondeni na samaki wake wana vichwa.

Nne, hatuwezi kuacha ghafla. Tukila, tunawamaliza, tusipokula, wanakosa soko. Kwa hiyo napendekeza karamu iwe ya ulezi, masalio yapelekwe Italia kama msaada, na ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa nami, uende kukagua maghala yao, kuwafundisha kusonga ugali na kupiga picha na watoto wao. Tutawaachia fulana.

Msalimieni mama, Fransiska, wakwe zetu watarajiwa na Bwana Ridhiwani, ambaye sina ugomvi naye.

Nabaki mjumbe wenu, mwenye uchungu na wakulima wa mbali,

Mwalimu Leonidas

Tanbihi: Mke wangu Luciana ameisoma barua hii, akanishika mkono hadi ghalani, akafungua mlango na kusema, "Haya, chota." Mwezi Agosti lori la wanunuzi wa nafaka lilifika Mwazye. Dereva alisema huko ng'ambo wanaupenda sana ulezi kwa uji, nami kwa furaha ya kupendwa nikapakia wote, hata wa mbegu. Basi tambi zibaki kama mlivyoamua. Mama akiuliza ulezi wa Leonidas uko wapi, mwambieni tu kwamba Waitaliano walikuwa na njaa.