Upinde, Posa na Kikohozi cha Nyololo

Jamani wa barazani, leo heshima yangu nimeiacha Nyololo.

Nawaandikia mapema, kabla dereva wa lori hajafika huko Ipogolo na maelezo yake. Alikuwepo. Alicheka mpaka akakaa chini. Barua hii anaileta yeye huyo huyo, ndiyo maana nimeibandika gundi pande zote.

Mnajua nilikuja huku kwa ajili ya Anyesi. Posa ilipelekwa, mshenga wangu Yohana akarudi na jibu la ajabu. Baba wa binti, Mzee Mgaya, hana neno juu ya mahari. Ana neno juu yangu. Kwao mkwe lazima aje kulinda shamba msimu wa mahindi, naye kasikia mimi ni fundi cherehani.

"Ngedere hawafukuzwi kwa sindano," alisema. "Aje nimwone akishika upinde. Akilichoma boga, binti ni wake. Akilikosa, akashone."

(Akashone! Utadhani kushona ni ugonjwa.)

Nikaenda kwa baba yangu mdogo, ambaye amelinda mashamba kwa upinde tangu ujana wake. Alinitazama nilivyosimama, akasikitika. Mgongo wangu mnaujua, umeshafuata cherehani. Akanifundisha kusimama upya. Ubavu ndio uelekee shabaha, si kifua. Miguu ipanuke sawa na mabega. Mabega yenyewe yashuke, yasipande masikioni. Kiwiko cha mkono unaoshika upinde kigeuke nje kidogo, la sivyo ugwe, ile kamba ya upinde, utakuchapa. Vuta kwa mgongo, usivute kwa vidole, mpaka mkono uguse kona ya mdomo. Na ukishaachia, ganda hapo hapo mpaka usikie mshale umefika.

"Wewe shida yako unasikiliza kila kitu," akaniambia. "Ukishavuta, hata nyumba ikiungua usigeuke."

Nikasema sawa, baba. Nilisema kwa moyo wote.

Leo asubuhi nikafika kwa Mzee Mgaya nimevaa koti langu jeusi la kanisani. Wazee wamekaa kwenye vigoda, kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, katikati yao. Boga limewekwa juu ya kichuguu mbele ya shamba. Wanawake wote wako jikoni, na mama yake Anyesi yumo humo humo. Kwa wale barazani mliotoka mbali: huku mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Mkikutana unatoka njiani, unageuza uso, unachuchumaa, unasubiri apite. Naye kwa hisani yake hukohoa mapema, ujue anakuja.

"Kamwene," nikasalimu.

"Kamwene," wakaitika.

Mzee Mgaya akalikagua koti kuanzia kola hadi pindo. "Zuri," akasema. "Ngedere watalipenda."

Nikapewa mishale mitatu. Wa kwanza nilisahau kiwiko. Ugwe ukanichapa mkono, pa! Mshale ukaangukia kwenye maharage. Wazee wakanywa ulanzi. Wa pili nikakumbuka kiwiko, nikasahau mabega. Ukapita juu ya boga, karibu kabisa, hata mzee mmoja akaguna lile guno la "si haba".

"Bado mmoja," akasema Mzee Mgaya.

Jamani, huo wa tatu! Nikasimama ubavu. Mabega chini. Kiwiko nje. Mgongo ukanyooka mpaka nikaona vitu ambavyo sijawahi kuviona nikiwa nimesimama. Nikavuta, mkono ukagusa kona ya mdomo, na boga likatulia mbele ya mshale. Pale mlango wa jikoni Anyesi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Niliogopa, sifichi. Nampenda yule binti, na nilijua nikikosa hapo naenda kushona sare za shule mpaka nizeeke peke yangu.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Kikohozi kizito, cha mtu mzima aliyelea watoto wengi.

Sikufikiri. Magoti ndiyo yaliyofikiri. Nikageuza uso, nikachuchumaa, nikainamisha kichwa kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani. Tatizo ni kwamba upinde ulikuwa bado umevutwa. Vidole vikaachia vyenyewe. Nikasikia mshale umefika mahali, to! Sikutazama ni wapi. Ningetazamaje, na mama mkwe yuko pale?

"Kamwene, mama," nikasema taratibu, nikitazama nyasi.

Hakupita. Nikadhani sijampisha vya kutosha. Nikasogea kando nikiwa nimechuchumaa vile vile, na suruali ikapasuka nyuma. (Mshono wangu mwenyewe! Msiwaambie wateja.)

"Pita tu, mama."

Akakohoa tena, safari hii karibu na sikio langu. Halafu akaanza kula pindo la koti.

Nikachungulia kwa jicho moja. Nikaona kwato.

Alikuwa beberu wa Mzee Mgaya. Ana kikohozi tangu mvua zianze, na kila mtu pale uwanjani alikuwa anajua isipokuwa mimi.

Kicheko kilichofuata sitakieleza, dereva atawaeleza. Mshenga wangu Yohana alizunguka nyuma ya nyumba isijulikane kwamba tulikuja pamoja. Mshale, kumbe, ulikuwa umetoboa kibuyu cha ulanzi. Mzee mmoja alishaweka kikombe chini ya tundu, bila hata kuinuka kwenye kigoda.

Mzee Mgaya hakucheka. Alilitazama boga, zima. Akakitazama kibuyu.

"Kashone," akasema.

Nilitaka kulia, jamani. Nikaokota upinde kwa mkono mmoja, wa pili nimeziba suruali, nikaanza kuondoka kinyumenyume. Ndipo sauti ikatoka jikoni, nzito, ya kike. Nikageuzia uso shambani haraka (safari hii alikuwa ni yeye kweli).

"Baba Anyesi."

"Naam."

"Wewe ulipokuja kuniposa, mama yangu alipita mbele yako. Ukaendelea kutafuna kuku."

Wazee wakashusha vikombe.

"Huyu kampisha mbuzi," sauti ikaendelea. "Mara mbili. Binti yangu ataolewa na huyu. Ngedere nitawafukuza mimi."

 Mzee Mgaya akanyoosha mkono, akakinga kikombe chake kwenye lile tundu, akanywa, akapangusa mdomo.

"Haya," akasema. "Lakini upinde auache hapa."

Basi mke nimepata, ndugu zangu. Heshima ndiyo sina, maana tangu mchana watoto wa huku wananiita Mkwe wa Beberu, na dereva kaahidi kulifikisha jina hilo mpaka Iringa mjini. Nawaomba kitu kimoja tu: atakayelitamka mbele ya Anyesi, shati la kuvaa harusini atashona mwenyewe.