Mtoto wa Vitabuni

Jumatatu, 4 Machi
Mkutubi mkuu ametangaza: Ijumaa mmoja wetu atawaeleza wageni maana na asili ya neno "mwanazuoni". Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Miaka kumi na moja nagonga mihuri kwenye vitabu, sasa zamu yangu! Tatizo dogo: neno lenyewe silijui.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kujalidi vitabu. Mikononi gundi, kichwani hazina. Alinieleza huku akishona: zamani chuo kilikuwa kitabu, vikiwa vingi, washairi wa kale waliviita zuo. Mwanazuoni, basi, ni mtoto wa vitabuni. Kwanza aliitwa hivyo mjuzi wa dini, kisha mwenye elimu yoyote. Yeye angewaongeza wachoraji na watunzi, maana nao huwaza yasiyoshikika. Akanionyesha daftari lake, maelezo ya miaka ishirini. Alipotoka kuanika majalada, nikalitia shatini. Kuazima si kuiba.

Ijumaa, 8 Machi
Makofi! Nilisoma neno kwa neno, kila mara nikisema "utafiti wangu". Mgeni mmoja akaniita mwanazuoni mbele za watu. Kichwa kikavimba. Ndipo nikamwona shemeji mstari wa nyuma, kavaa shati lake la harusini. Alikuja kunishangilia. Alipiga makofi hadi mwisho, akaondoka bila kunywa chai. Yangu nikaiacha mezani.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji hakuja kula. Tangu nioe hajakosa Jumapili hata moja. Asubuhi nilimpelekea daftari, hakufungua mlango, nimeliacha kizingitini. Mke wangu akauliza nimemfanya nini kaka yake. Nikasema sijui. Kumbe asubuhi aliniona nikitoka na daftari.
"Ungemwomba, angekupa," akasema. "Na hotuba angekuandikia."
Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu keshaota meno.

Jumanne, 12 Machi
Nimeamua kumwomba radhi shemeji kwa barua, kwa moyo wangu wote. Saa mbili nzima, imetoka "Mpendwa Shemeji" tu. Nikapekua kabati la mke wangu. Bahati iliyoje! Kuna barua ya zamani ya kuomba msamaha, ina maneno ya kuliza jiwe. Nimeinakili yote. Palipoandikwa "dada" nimeweka "shemeji". Lazima itamgusa, maana aliitunga mwenyewe.